Sisimizi wa moto uani: kwa nini ukiua kichuguu hiki kinaota kingine pembeni

Swali: Uani kwangu pameota vichuguu saba vya sisimizi wekundu wanaochoma kama kaa la moto. Mwanangu wa miaka mitatu alikanyaga kimoja, na kesho yake mguu ukajaa vipele vyenye ncha nyeupe. Nimemwaga maji ya moto, nimepuliza dawa ya kopo, na sasa jirani ananishauri petroli. Kila nikimaliza kichuguu kimoja, baada ya siku chache kingine kinaota hatua tatu pembeni. Nina bustani ndogo ya mboga na kuku kadhaa. Nifanye nini waondoke na wasirudi?

Jibu: Pole sana, dada, na mtoto umpe pole. Nianze na mguu wake, maana vichuguu vinaweza kungoja hadi kesho.

Vipele hivyo vinafanana na majipu madogo na mzazi yeyote hutamani kuvitumbua. Usivitumbue. Huo weupe wa ndani kwa kawaida si usaha wa vijidudu. Ni matokeo ya sumu ya sisimizi kuua seli za ngozi, nao hujitokeza takribani siku moja baada ya kuchomwa. Kipele kikiachwa kizima hukauka chenyewe, ila kikipasuliwa ndipo vijidudu hupata pa kuingilia. Osha mguu kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, mkate mtoto kucha asijikune, na umwombe mfamasia dawa ya mwasho inayofaa umri wake. Ukiona wekundu unasambaa au maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, mpeleke kituo cha afya.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi: vipele vya mzio vinavyotokea mbali na mahali alipochomwa, uso au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika, kulegea au kuzimia. Sumu ya sisimizi hawa ina chembe kidogo za protini, na kwa watu wachache chembe hizo huamsha mzio mkali unaoweza kuua kwa dakika chache. Mtu wa namna hiyo anahitaji sindano ya adrenalini, si maji baridi, kwa hiyo mkimbize hospitali papo hapo. Kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kupata hali hiyo, asishiriki kabisa katika kazi nitakayoieleza hapa chini.

Na siku nyingine mtoto akivamiwa, usikimbilie bomba. Sisimizi wa moto huishika ngozi kwa taya zake kwanza, kisha hukunja tumbo na kudunga kwa mwiba ulio nyuma. Akishadunga hageuki kukimbia. Huzunguka palepale huku amejishikilia na kudunga tena na tena, ndiyo maana vipele mara nyingi hukaa kwa duara. Maji hayamng'oi. Mwondoe mtoto hapo, mpanguse haraka kwa kiganja au kitambaa, kisha mvue viatu na soksi, kwa sababu wachache hubaki wamejificha humo.

Sasa tuje uani. Kabla hujanunua chochote, hakikisha ni wenyewe. Siafu husafiri kwa msafara na hawajengi kichuguu kama hicho. Majimoto hukaa mtini, kwenye majani waliyoyashona pamoja. Sisimizi wa moto ana rangi ya kahawia nyekundu na tumbo jeusi kidogo, urefu wake ni kati ya milimita 2 na 6, na ndani ya kichuguu kimoja utakuta wadogo, wa kati na wakubwa wamechanganyika. Ukubwa huo unaotofautiana ni alama nzuri sana. Kichuguu chenyewe ni cha udongo laini kama uliochekechwa, na juu hakina tundu la kutokea. Wanatoka kwa njia za chini ya ardhi zinazofunguka mbali, pengine mita kadhaa kutoka kichuguuni.

Chukua kijiti kirefu, simama pembeni, gusa ukingo wa kichuguu mara moja, kisha urudi nyuma. Sisimizi wengi wa kawaida wakiguswa hukimbia huku na huku kuokoa mayai. Hawa hububujika. Ndani ya sekunde chache udongo unaonekana kama unachemka, nao wanapanda kijiti moja kwa moja kuelekea mkono wako. Ukiliona hilo, huna haja ya kunitumia picha.

Swali lako lenyewe lina jibu ndani yake: umeua kichuguu, kingine kikaota hatua tatu pembeni. Hukuua koloni, yaani jamii nzima ya sisimizi wanaoishi pamoja. Ulichoua ni wale waliokuwa karibu na uso wa ardhi siku hiyo. Koloni lililokomaa linaweza kuwa na sisimizi 200,000 na zaidi, na mashimo yake hushuka chini zaidi ya mita moja. Malkia yuko humo, na anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku kwa miaka kadhaa. Dawa ya kopo inapogonga juu, watenda kazi, yaani sisimizi wa kawaida wasiotaga, humhamisha pamoja na watoto kupitia njia za chini. Kile kichuguu kipya pembeni ni nyumba yao ya pili, si wageni. Pengine pia una koloni la aina yenye malkia wengi. Hapo ukimuua mmoja wamebaki wengine, na vichuguu vyako saba vinaweza kuwa vyumba vya ukoo mmoja.

Kwa hiyo kazi yetu ni kumfikia malkia ambaye hatumwoni, na anayeweza kutufikisha kwake ni mtenda kazi yuleyule anayekuchoma. Sisimizi aliyekomaa hawezi kumeza kitu kigumu. Koo lake limefungwa na chujio, hivyo anapitisha vimiminika tu. Chakula kigumu hubebwa hadi kwa mabuu wa umri wa mwisho, ambao ndio wenye uwezo wa kukisaga, na mabuu hao hurudisha kimiminika kwa sisimizi waliokomaa. Mafuta na majimaji huzunguka mdomo kwa mdomo, kutoka kwa mtafuta chakula hadi kwa mlezi wa watoto, hadi kwa malkia. Koloni zima lina kama tumbo moja. Ukitia kitu katika tumbo hilo, na kitu hicho kisiue haraka, kitamfikia.

Hiyo ndiyo kazi ya chambo. Chambo cha sisimizi wa moto ni chenga ndogo za mahindi zilizolowekwa mafuta ya soya, na sumu imeyeyushwa katika mafuta hayo. Sumu ni kidogo na ya polepole kwa makusudi. Ingeua kwa saa moja, mbebaji angefia njiani na malkia asingeonja. Nakuomba uielewe nukta hii vizuri, kwa sababu watu wengi hutandaza chambo Jumatatu, Jumatano wanaona sisimizi bado wanatembea, wanakata tamaa na kumwaga dawa kali juu yake. Wanaua wapagazi waliokuwa wamebeba mzigo wao.

Kwanza fanya jaribio. Weka kipande kidogo cha soseji au kitu chenye mafuta kwenye nyasi, mita moja au mbili kutoka kichuguuni, kisha uondoke. Rudi baada ya dakika 20 au 30. Ukikuta sisimizi wamekizunguka, wako kazini na chambo kitabebwa. Ukikuta kipande kiko peke yake, aidha ni joto sana, ni baridi sana, au wameshiba, na chambo chako kitaharibika bure. Wanafanya kazi vizuri udongo ukiwa na joto la kati ya nyuzi 21 na 32 za Selsiasi. Wakati wa joto kali tandaza jioni, maana mchana hawatoki, na jua huvunja baadhi ya sumu na kuchachusha mafuta.

Nyasi ziwe kavu na umande uwe umekauka. Kusiwe na dalili ya mvua kwa siku moja hadi mbili, na usimwagilie, kwa sababu chenga ikilowa mafuta huoshwa na sisimizi hawaitaki tena. Kinusie chambo kabla ya kukitumia. Kikinuka kama mafuta yaliyokaa sana, au kikiwa kimewekwa stoo pamoja na petroli au dawa nyingine, sisimizi watakipita. Fungua pakiti siku ile unayotumia. Usikishike kwa mikono iliyotoka kushika mafuta ya gari, wala usivute sigara ukiwa unakishika.

Kiasi kitakushangaza. Vyambo vingi vya aina hii hutandazwa kati ya kilo 1.1 na 1.7 kwa hekta nzima. Ua wa mita 20 kwa 25 unahitaji takribani gramu 55 hadi 85, yaani konzi chache tu. Ukimaliza kutandaza usione chenga zimejaa chini, na ukiziona zimejaa, umezidisha. Soma lebo ya bidhaa uliyonayo na ufuate kipimo chake, si changu. Tumia kifaa cha mkono cha kutandazia, au kopo lenye matundu madogo, upite ua wote kwa njia mbili zinazokatana. Usimwage juu ya kichuguu na usikiguse. Wanaotafuta chakula hawako juu ya kichuguu, wako kwenye nyasi, mita kadhaa kutoka hapo. Ukikivuruga, wanaacha kutafuta chakula na kuanza kupigana au kuhama. Kutandaza ua mzima kuna faida nyingine: chambo huwafikia hata makoloni machanga ambayo bado hayajajenga kichuguu cha kuonekana.

Ukiwa dukani angalia jina la kiambato, usishawishiwe na picha ya sisimizi aliyekufa. Indoksakabu ni ya haraka kati ya vyambo, matokeo huonekana ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Haidramethilnoni na spinosadi huchukua wiki kadhaa. Spinosadi hutokana na bakteria wa udongo, na baadhi ya bidhaa zake zinakubaliwa katika kilimo hai. Methopreni na piriproksifeni ni vizuia ukuaji. Haviui sisimizi waliokomaa, bali vinamzuia malkia kuzalisha watenda kazi wapya, hivyo koloni linazeeka na kufifia kwa miezi miwili au zaidi. Hivi vya mwisho ni vizuri kwa eneo kubwa na mtu mwenye subira. Wewe una mtoto wa miaka mitatu, na mimi ningekuchagulia cha haraka.

Hatua ya pili ni kwa vile vichuguu usivyoweza kuvivumilia wiki mbili: kilicho karibu na mlango, na kile kilicho mahali anapochezea mtoto. Subiri siku chache baada ya kutandaza chambo, kisha uvishughulikie hivyo peke yake. Namna hii ya kwenda kwa hatua mbili, chambo kwanza na kichuguu kimoja kimoja baadaye, ndiyo ambayo maafisa ugani wa Texas wamekuwa wakiwafundisha wenye nyumba kwa miaka mingi, na sijaona nyingine inayoishinda kwa ua wa kawaida.

Maji ya moto uliyotumia hayakuwa wazo baya, huenda yalikuwa machache tu. Kichuguu kimoja kinahitaji lita 10 hadi 12 za maji yanayokaribia kuchemka, yaliyomwagwa taratibu katikati, asubuhi ya ubaridi jua linapoanza kupiga. Saa hiyo malkia na watoto hupandishwa juu kuota joto. Hata ukifanya vizuri, hufanikiwa karibu mara 6 katika 10, na nyasi za hapo zitakufa. Beba maji hayo kwa ndoo mbili ndogo, si moja kubwa, vaa viatu virefu vya mpira, na mtoto awe ndani ya nyumba mlango umefungwa. Ukitaka dawa ya kuchanganya na maji, fuata kipimo cha lebo kwa kichuguu kimoja. Anza na mduara wa nje ukija katikati, wala usikichokoe kwanza. Watu huchokoa ili dawa iingie, na malkia huwa wa kwanza kushushwa chini.

Petroli, tafadhali, usiimwage. Naam, huua sisimizi wengi inapogusa. Pia huweza kuwaka kwa cheche ndogo, huua kila mzizi, na huzama ardhini kuelekea maji unayoyanywa, halafu pale hapaoti kitu kwa muda mrefu. Nimeona mkono wa mtu aliyewasha kichuguu kwa petroli na sitaki kuuona mwingine. Siki, jiki na amonia mara nyingi huwahamisha tu. Unga mkavu wa mahindi, ambao husemwa kuwa huwavimbisha matumbo wakafa, hauwezi kufanya hivyo, maana umeshasoma kwamba sisimizi aliyekomaa hamezi kigumu. Unga huo ni chakula unachowapa watoto wao. Na kuchota udongo wa kichuguu hiki na kuumwaga juu ya kile ili wapigane huishia kukuchoma wewe.

Kwa mboga na kuku, nenda kwa uangalifu zaidi. Ndani ya matuta tumia tu bidhaa ambayo lebo yake inataja mboga. Kama huna, tandaza chambo nje, kuzunguka bustani, na usiingize hata chenga moja ndani. Sisimizi hutoka bustanini kwenda kutafuta chakula, watakikuta huko huko. Kuku wafungie bandani tangu kabla ya kutandaza hadi muda uliotajwa kwenye lebo upite, kwa sababu watadonoa chenga za mahindi bila kuuliza. Na usidhani kuku watakumalizia tatizo. Vifaranga wanaoanguliwa ndio huliwa na sisimizi, wakianzia machoni na kwenye kitovu kibichi. Inua vyombo vya chakula, fagia kilichomwagika kila jioni, na tengeneza banda la watagao mbali na kichuguu chochote.

Ukikuta udongo laini umejaa kwenye kisanduku cha umeme cha pampu ya maji au cha kiyoyozi, hao pia ni wao. Hupenda kuingia humo na kukwamisha swichi. Usipulize kimiminika chochote, zima umeme na umwite fundi, huku chambo ukikitandaza chini, kando.

Umeuliza wasirudi. Hilo siwezi kukuahidi, nitakueleza kwa nini. Siku yenye joto baada ya mvua, majike na madume wenye mabawa huruka na kupandana angani, kisha jike hushuka, huangusha mabawa yake na kuchimba shimo la sentimita chache. Anaweza kushuka kwako akitokea ua wa tatu au wa kumi. Hulea kizazi cha kwanza bila kula, na wewe hutaona kichuguu hadi miezi kadhaa ipite. Majike wengi sana hufa wakiwa wapya namna hiyo, na wauaji wao wakubwa ni sisimizi wengine wa kawaida, wale weusi na wadogo usiowajali. Hao ni walinzi wako. Ukipuliza dawa kali ua mzima, umewafukuza walinzi na kuacha ardhi wazi, na anayerudi wa kwanza ni sisimizi wa moto.

Marekani walilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Sisimizi huyu mwekundu, ambaye asili yake ni Amerika Kusini, aliingia kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Mwaka 1957 serikali ilianza kunyunyizia heptakloro na dieldrini, dawa kali za kuua wadudu, kutoka angani juu ya maeneo makubwa ya kusini. Ndege, samaki na mifugo walikufa, na sisimizi wakaendelea kusambaa. Baadaye ikaja mireksi, ambayo ilikuwa chambo, ikatandazwa hadi ilipopigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ilidumu katika mazingira na kuingia katika miili ya watu na wanyama. Sisimizi bado wapo. Nayaeleza haya ili ukiambiwa "piga ua wote, maliza kabisa", ujue ushauri huo ulishajaribiwa.

Unachoweza kupata ni ua usio na kichuguu kwa miezi mingi, kisha ukaulinda. Tandaza chambo mara mbili kwa mwaka, nyakati zisizo na joto kali wala baridi. Zungumza na majirani mtandaze wiki moja, kwa sababu mpaka wa ua si mpaka kwa malkia mwenye mabawa. Miche ya vyungu, udongo wa kununua, samadi na nyasi za kupanda vikague kabla ya kuviingiza. Piga chungu kofi, weka kipande cha soseji kando yake, ngoja nusu saa.

Na kama unaishi katika nchi ambako sisimizi huyu wa Amerika Kusini hajazoeleka, usianze kwa kuua. Piga picha, chukua wachache waliokufa ndani ya chupa, wapelekee watu wa afya ya mimea au kilimo. Brisbane, Australia, waligunduliwa mwaka 2001 wakiwa wameshasambaa, na hadi leo Waaustralia wanapambana nao. Mwaka huohuo New Zealand ilikuta kiota kimoja tu uwanja wa ndege wa Auckland, ikakimaliza. Tofauti ilikuwa kuwahi.

Baada ya wiki tatu tangu utandaze, rudi na kijiti chako kirefu. Gusa kila kichuguu ukingoni, moja hadi saba. Kisichotoa sisimizi kimekufa, kisawazishe kwa reki. Kinachotoa wachache wazito, wasiopanda kijiti, kiache wiki mbili nyingine. Kinachobubujika kama zamani hakikula chambo: kirudie, kwa pakiti mpya, jioni kavu, baada ya jaribio la soseji. Hadi hapo, mtoto avae viatu vilivyofunikwa na asicheze nyasini peke yake.